Povu la Pinki

Pikipiki ilikuwa imeshawashwa, Eva ameshapanda nyuma, begi mapajani, kilemba kimekazwa mpaka kwenye nyusi. Marieta akatoka saluni mbio na chupa ya kondishena.

"Mdogo wangu, chukua hii. Nywele zikianza kuota zitakuwa laini."

Eva hakunyoosha mkono. Dereva akajifanya anafuta kioo. Dongobesh ni mji mdogo, nani hajui yaliyotokea?

Wiki ya harusi ya Eva mabomba yalikauka. Marieta alibakiwa na ndoo moja ya maji, na kwenye benchi kulikuwa na mteja anasubiri. Alimpaka mdogo wake dawa ya kulainisha nywele, maana alikuwa anaolewa na Bonaventura wa Daudi Jumamosi, halafu akammwagia jagi moja tu. Shampuu ya kukata dawa hakuigusa. Ile inataka maji: unaosha, unasuuza, unarudia mpaka povu liache kuwa la pinki. Likiwa pinki, dawa bado iko kichwani inakula. Alifundishwa hivyo Babati. Kwa Eva akaruka, akapaka kondishena. Nayo kondishena inajua kujipendekeza: inang'ang'ania pale nywele ilipochakaa, inaivalisha utando, chanuo linateleza kama kwenye siagi. Ila dawa haikati. Tena ni ya kupaka kwenye ncha, ikae kidogo, isuuzwe. Marieta aliisugua mpaka kwenye ngozi.

"Dada, bado inachoma."

"Acha kudeka. Bibi harusi gani analia saluni? Subiri ukalie kwa mama mkwe."

Wakacheka wote, hata Eva, huku machozi yanamtoka.

Kesho yake nywele zilibaki kwenye mto, kichwa kinatoa majimaji. Muuguzi akaagiza zilizobaki zinyolewe, vidonda vipate kutibiwa. Mama yao, Efrazia, alimnyoa mwenyewe, kama alivyowanyoa wote walipomzika baba yao.

Ndugu za Bonaventura walipokuja, shangazi yake akakitazama kile kichwa. "Huyu kafiwa na nani? Kwetu bibi harusi haingii amenyolewa kama mfiwa. Tungoje kwanza." Bonaventura aliangalia viatu vyake. Jumamosi ikapita bila harusi.

Sasa Marieta alisimama barabarani na chupa yake.

"Eva, nilidhani dawa imetoka..."

"Hukudhani, dada. Yule wa benchi ulimwosha mpaka povu likawa jeupe. Nilikuwa nimekaa pale, kichwa kinaungua, nakuangalia. Yeye mteja. Mimi ndugu, nivumilie."

Akamgonga dereva begani. Wakaondoka.

Eva alikwenda Katesh kwa mama mdogo, akabaki huko anauza mitumba. Nywele ziliota, isipokuwa sehemu mbili nyuma ya sikio. Bonaventura alioa mwaka uliofuata, mwalimu mgeni kutoka Singida. Mama yao huenda Katesh kila Krismasi, peke yake. Marieta alinunua pipa kubwa la maji, na hakuna anayetoka kwake povu likiwa bado la pinki. Wateja anao.