Grafu Yenye Kiherehere

Grafu za mashine zetu za kutotolesha vifaranga zilikuwepo kitambo, ila zilikaa kwenye tovuti ya peke yake, yenye nywila yake, na hakuna aliyezitembelea isipokuwa mimi niliyezitengeneza. Ndipo nikazihamishia ndani ya programu yetu ya Python, ile ambayo familia nzima huifungua asubuhi kuandika mayai yaliyoingia. Ukishaingia, grafu hiyo hapo: gusa chumba, mstari wa joto unachorwa mbele ya macho yako. Nilijiona fundi, na kusema kweli nilikuwa fundi.

Mama Mdogo, mwenye mali, hakubishana. Alisema tutaijaribu asubuhi ile, yeye akiwa ofisini, dada yangu chumba cha kwanza, shemeji chumba cha tatu. Ikisema kweli, watu wataacha kuzunguka na kipimajoto. Ikimyumbisha, anaifuta, maana yai likishaiva halitotolewi tena.

Shemeji alinipitia karibu akanong'ona kwamba kipimajoto anakitia mfukoni, maana baadaye nitamwomba kwa machozi.

Nikasimama nyuma ya kiti cha Mama Mdogo. Akagusa chumba cha kwanza. Mstari ukaja, umetulia kama maji ya mtungi. Kabla hajaweka miwani sawa, ukaruka wenyewe kwenda chumba cha tatu. Akarudisha. Ukaruka tena. Dada akachungulia mlangoni, simu mkononi, akiuliza nani anamchezea. Nyuma yake shemeji, kicheko kimeshamjaa mashavuni.

"Shemeji, umeizaa wewe hii," akasema. "Haitulii mahali pamoja."

Hata kabla hajamaliza nilishajua kosa. Chaguo la chumba nililiweka kwenye seva, mahali pamoja, kwa watu wote. Mmoja akigusa, skrini za wenzake zinamfuata. Sisi tumekua na runinga moja na rimoti moja, na aliyeishika ndiye serikali. Mtu aliyelelewa hivyo huwapa watu watatu rimoti moja bila kufikiri.

"Mama Mdogo, joto halijadanganya," nikamwambia. "Mnagombania chumba tu. Nipishe kidogo hapo."

Akanipisha, ila hakwenda mbali. Pumzi yake niliisikia sikioni. Nikaliondoa chaguo kwenye seva, nikaacha kila mtu abaki nalo kwenye skrini yake. Kisha nikawaambia waguse wote kwa pamoja, kwa fujo wanayoijua. Wakagusa. Kila mmoja akabaki na chumba chake.

Mama Mdogo akamnyang'anya shemeji kipimajoto, akazunguka vyumba vyote mwenyewe. Joto lililingana na grafu. Shemeji akaomba naye azunguke, likalingana tena, akakirudisha kipimajoto bila utani wowote, jambo lililotushangaza kuliko grafu yenyewe.

"Inabaki," Mama Mdogo akasema. "Ila ule mruko nirudishie mimi peke yangu. Nikichagua chumba, wote wakione, hata anayejifanya haoni."

Nikamjibu kwamba hilo ni kitufe tu, nacho kitakaa kwenye akaunti yake. Nikavuta kibodi. Shemeji akaniwekea mkono begani, mpole kama siku ya posa, akaniomba kwenye hao "wote" nimsahau kidogo.

Nikamwambia asihofu, naanza na yeye.