Kamba ya Machela

Beatrisi alianguka kutoka juu ya mkoko akifunga kifuniko cha mzinga wa nyuki, akatua kwa mgongo juu ya mizizi. Semeni, mwenzake katika kikundi cha kina mama wafuga nyuki wa Tongoni, alimkuta yu macho, lakini miguu haina hisia.

"Usininyanyue, dada," Beatrisi alisema. "Mgongo umeumia."

Semeni aliwapigia simu wenzao waliokuwa ufukweni, nao wakakiarifu kikosi cha uokoaji mjini. Matope yale yalimmeza mtu hadi mapajani, mizizi ilifungamana hata mtumbwi usingepita, na maji yalikuwa yameanza kujaa. Alivua wavu wake wa uso, akaukunja chini ya kichwa cha mwenziwe, kisha akakishika kwa viganja viwili kisitikisike. Maji yalipomfika Beatrisi masikioni, kila mmoja akaomba kwa dini yake.

Helikopta ilikuja, ikasimama hewani, juu sana. Rubani alishaambiwa kuhusu mizinga, hakutaka upepo wa mapangaboi uwachokoze nyuki. Mwanamke mwenye kofia ngumu akateremshwa kwa waya, machela ikining'inia ubavuni mwake. Semeni akanyoosha mkono aipokee ndoano ya ule waya.

"Usiguse, mama. Ina umeme. Iache iguse maji kwanza, umeme utoke."

Ndoano ikazama. Ndipo yule mwanamke akasema, "Shikamoo. Naitwa Zuleha, muuguzi. Kwetu Ngamiani."

"Marahaba. Fanya haraka, mwanangu."

Zuleha alifungua ndoano, helikopta ikajisogeza kando. Alimfunga Beatrisi kola ya shingo, wakampitishia chini godoro maalumu. Muuguzi alipolinyonya hewa kwa pampu, likamkumbatia mgonjwa na kukakamaa kama ubao. Walipomaliza kukaza mikanda ya machela, Zuleha alifunga kamba ndefu upande wa miguuni, akampa Semeni ncha yake.

"Tukiwa juu, upepo utaizungusha machela kama pia. Kamba hii ndiyo itakayoizuia. Vuta taratibu huku unarudi nyuma. Usiizungushe mkononi wala usiifunge kwenye mti. Nikikupungia, iachie."

"Na nikishindwa?"

"Hatuna mtu mwingine, mama."

Helikopta ikarudi, waya ukashuka. Zuleha alijifunga kando ya machela, wakaanza kupaa. Upepo ulilaza majani, maji yakaruka machoni. Machela ikayumba, kisha ikaanza kugeuka. Semeni akavuta, ikatulia. Aliporudi nyuma mguu ulizama, akaanguka majini hadi kifuani, lakini kamba ilibaki mikononi.

Hapo nyuki wakatoka kwenye ule mzinga ambao Beatrisi hakumaliza kuufunga. Wakamuuma Semeni shingoni, midomoni, kwenye kope. Jicho moja likafumba. Kwa lile lililobaki aliitazama machela ikipanda imenyooka, mpaka Wilfred, mwendesha winchi ya kuvutia waya, alipoinama mlangoni mwa helikopta akaidaka na kuivuta ndani.

Zuleha akapunga mkono.

Semeni akaiachia kamba, akapiga mbizi. Alipoibuka mbali na nyuki, helikopta ilikuwa ikielekea mjini. Akacheka peke yake, mdomo umevimba, kisha akapiga kigelegele kirefu. Kutoka ufukweni kina mama wakamjibu, nao hawakunyamaza mpaka alipofika nchi kavu.

Kesho yake alikwenda hospitali. Zuleha alikuwepo, akamkumbatia hapo hapo mlangoni. Beatrisi alimtazama mgeni wake kwa muda.

"Nani huyu?"

"Mimi, Semeni."

"Yesu wangu. Uso gani huo?"

"Uliza nyuki zako."

Walicheka, Beatrisi kwa uangalifu kwa sababu ya maumivu. Daktari alikuwa amemweleza kwamba mfupa umevunjika, lakini mishipa ya fahamu imesalimika kwa kuwa hakukunjwa wala kutikiswa.

"Funua shuka," Beatrisi alisema. "Tazama miguuni."

Semeni akafunua. Kidole gumba cha mguu wa kulia kikainama, kikainuka.

"Tena," Semeni alisema.

Kikainuka tena.