Kifua cha Mwenze, Kifua cha Bénie

Simu ilimkuta Germaine katikati ya mahindi, nyuma ya nyumba yao kule Annexe, pembezoni mwa mji, jembe mkononi na mvua ikinyemelea. Aliyepiga alikuwa mwenye ghala moja la mtaa wa Makomeno. Mwenze, mume wa Germaine, fundi wa kuchomelea vyuma aliyepanda mapaa ya nusu ya Lubumbashi bila kuteleza hata siku moja, alikuwa ameanguka.

Germaine hakunawa hata miguu. Alipofika hospitali, wapasuaji walikuwa wamekwisha kumfungua mumewe kichwa na kutoa damu iliyovilia ndani. Walikuwa wamemlaza katika chumba cha wagonjwa mahututi, kile ambacho kila mtu pale anakiita réa. Mpira ulipita kinywani mpaka kooni, na kando ya kitanda mashine ilikuwa ikisukuma hewa, inasita, inasukuma tena.

"Anapumua?" aliuliza.

"Mashini njo inapumua, mama," muuguzi alimjibu. "Ye analala."

Wenye wagonjwa walikaa uani, chini ya kibaraza, na mikeka yao na masufuria yao. Germaine alipata nafasi kando ya mwanamke mmoja wa mtaa wa Hewa Bora, Mama Bénie, ambaye binti yake wa miaka kumi na tisa alikuwa kitanda cha tatu, malaria imempanda kichwani, naye pia akipumuliwa na mashine. Dhiki haihitaji kutambulishana. Kufika jioni walikuwa wanakula bukari, ugali wa kwao, kwenye sahani moja, na kila mlango wa réa ulipofunguliwa wote wawili walisimama.

Siku ya pili asubuhi alitokea daktari kijana, kitambaa cheupe kichwani, faili kifuani. Jina lake Nafisa. Alikuwa akisomea ubingwa wa kutunza wagonjwa wa mashine, na utafiti wake ulikuwa mle mle réa.

"Mama, mukae kwanza," alisema. "Niko na maneno mbili. Ya kwanza ni ya papa, ya pili ni ya kazi yangu."

Ya papa, yaani ya Mwenze, ilikuwa kwamba ubongo umevimba, itabidi kungoja. Ya kazi ilichukua muda zaidi.

"Ule mpira unamusaidia, lakini iko sawa mulango wenye kubakia wazi. Mikrobe ya kinywa inashuka mu mapafu. Bantu mingi banapona kichwa, kisha kifua njo inabaua. Miye nafuata kintu moja: sukari na mafuta ya mu damu, siku ya kwanza, inaweza kutuambia nani kifua itamupata? Tunapima, tunaandika, tunafuata. Hatumupe dawa ya kujaribu."

"Na mukisha kupima, atapona?"

Nafisa alitazama faili lake. "Hapana, mama. Sitabadanganya. Hii itasaidia bale benye batakuya nyuma."

"Benye batakuya nyuma!" Germaine alisimama. "Muntu wangu iko pale leo! Mubakamate benye batakuya nyuma, mubapime!"

Nafisa hakukasirika. Alisema matibabu ni yale yale, akubali asikubali, akaenda zake.

Lakini adhuhuri, akichungulia kupitia kioo cha mlango, Germaine aliona jambo. Daktari wa zamu alikuwa amepita mara moja tu, haraka haraka kama mtu anayehesabu mbuzi. Nafisa naye alikuwa akienda kitanda kwa kitanda kwa watu wa utafiti wake. Aliwasikiliza kifua mbele, akaomba muuguzi amsaidie kuwageuza, akawasikiliza mgongoni, akaandika. Kwa Bénie alisimama. Kwa Mwenze alipita.

Germaine alimfuata kwenye korido, akamshika mkono wa koti. "Lete karatasi."

"Mama, hii haiko bei ya kulipa ili papa atunzwe. Nilibaambia..."

"Mwana wangu, andika jina yake."

Alitia sahihi bila kusoma. Mwenze akawa mgonjwa wa arobaini na mbili.

Kisha yakaja maswali. Papa alikuwa na uzito gani? Kulikuwa na mtu wa sukari katika familia? Alikuwa akinywa maji mengi? Akikojoa mara kwa mara? Germaine alijibu vizuri mpaka hapo pa mkojo.

Hapo alikumbuka sisimizi. Karibu miaka miwili, pale nyuma ya jikoni, kwenye ukuta ambapo Mwenze alikuwa na tabia mbaya ya kukojoa badala ya kwenda chooni, sisimizi walikuwa wakijipanga mistari kwa mistari. Kila asubuhi yeye alikuwa akiwamwagia jivu la moto. Siku moja hata alimtania: "We, mukojo yako iko na asali?" Mwenze akacheka mpaka tumbo likatikisika, tumbo lile alilojivunia, kwa kuwa baba yake na babu yake, watu wa reli, walikuwa wembamba kama vyuma walivyovitengeneza.

"Nilibaona, docta," alisema kwa sauti ndogo. "Nilibaona na nilicheka."

Damu ilitoa jibu siku hiyo hiyo. Sukari ilikuwa mara tatu ya inavyotakiwa, na mafuta nayo yalikuwa juu. Nafisa alimweleza pale pale koridoni, taratibu. Germaine akauliza swali ambalo daktari angependa asiulizwe:

"Bale bengine, benye balikuwa na namba sawa hii, kifua ilibapata?"

"Mingi yao, ndiyo."

"Basi mushajua. Mumulinde!" Alikuwa amemshika mikono yote miwili sasa, na machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyafuta. "Muko munajua mwivi atapita nyumba gani. Mutakaa tu na kuandika saa yenye ataingia?"

Utafiti ule ulikuwa wa kutazama wote kwa jicho moja. Nafisa alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiye aliyeiandika ile kanuni. Lakini mikono ya mama wa watu ilikuwa imeshika yake. "Nitapita," alisema.

Na kweli alipita, asubuhi, adhuhuri na jioni. Dawa ya sukari ilianzishwa. Nafisa alimvalisha Germaine koti na glavu, akamfundisha kumsafisha mumewe kinywa kwa kitambaa chenye dawa: fizi, ulimi, chini ya ulimi, pembeni mwa mpira. Kitanda kilitakiwa kuinuliwa kichwani ili maji ya tumbo yasipande na kumiminikia mapafuni, lakini mkono wa kukiinulia ulikuwa umevunjika zamani. Germaine alipanda moto-taksi mpaka nyumbani, akarudi na matofali manne ya kuchoma ndani ya kitenge. Wauguzi walipiga kelele kwamba hapa ni hospitali, si chantier ya kujenga nyumba. Kisha wawili wao wakainua kitanda, naye akayasukuma matofali chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwani.

Damu ya Bénie ilikuwa safi, sukari yake nzuri, mafuta yake mazuri. Nafisa alimwambia mama yake hivyo kwa tabasamu: "Huyu wenu haiko na hatari mingi." Mama Bénie alicheza hatua mbili pale uani mbele ya watu wote, halafu akaenda kufua, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nne. Germaine alimtazama akitundika nguo na wivu ukamuuma kama pilipili jichoni.

Siku ya tano, mwili wa Mwenze ulichemka. Nafisa aliweka kifaa chake cha kusikilizia mgongoni mwa mgonjwa asubuhi, akasikia chini upande wa kulia mlio wa majani makavu yanayokanyagwa. Kilichovutwa kwenye mpira kilikuwa kizito na cha kijani. Picha ya kifua ikapigwa, na kabla ya saa sita dawa kali ilikuwa inaingia mshipani.

"Tumeikamata mapema," Nafisa alisema.

Siku mbili zilizofuata Germaine hakula. Kila alipoingia kusafisha kinywa alitazama namba ya hewa kwenye kioo cha mashine, na namba ilikuwa ikishuka. Mashine ilipiga filimbi. Ngozi ya vidole vya Mwenze ilikuwa na rangi ya majivu. Germaine alisali rozari mpaka maneno yakamwisha, na yalipomwisha, akiwa ameegemea ukuta wa korido mchana kweupe, alisema ombi ambalo hakuwahi kufikiri kwamba limo ndani yake: "Bwana, kama unatafuta muntu mu hii chumba, ukamate mwengine."

Siku ya saba, saa sita mchana, muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka aliona midomo ya Bénie imekuwa myeusi.

Walikimbia. Mashine iliongezwa nguvu, picha ikapigwa palepale kitandani. Mapafu yote mawili yalikuwa meupe kama yamejazwa maziwa. Haikuwa kazi ya siku moja. Ugonjwa ulikuwa umekaa mle siku mbili, labda tatu, ukifanya shughuli zake bila kubughudhiwa.

Germaine alimkuta Nafisa ameketi sakafuni, nyuma ya mlango wa stoo, magoti yamekunjwa, kitambaa cha kichwa kimelegea.

"Kifua ya papa nilisikiliza mara tatu kila siku," alisema bila kuinua uso. "Ya Bénie mara moja. Jana nilisimama kwa miguu ya kitanda tu, nikaandika 'hakuna'. Namba yake ilikuwa muzuri, mama."

"Namba ilikudanganya."

"Hapana. Namba haikusema kifua haitamupata. Miye njo nilisema."

Germaine alitaka kusema kwamba ni yeye aliyemvuta, kwamba ile mara ya pili na ya tatu aliitoa kwenye kitanda cha mtoto wa mwenziwe kwa machozi yake mwenyewe. Badala yake alimnyooshea mkono. "Simama, mwana wangu," alisema. "Bote babili bangali ndani."

Alivaa glavu, akachukua kitambaa chenye dawa, akapita kitanda cha mumewe bila kusimama. Alikwenda kitanda cha tatu, akamfungua Bénie kinywa, akakisafisha: fizi, ulimi, chini ya ulimi. Meno ya msichana yalikuwa madogo, na moja la mbele lilipanda kidogo juu ya jingine. Muuguzi alimwona, akageuza uso. Siku mbili Germaine alifanya hivyo, asubuhi, adhuhuri na jioni, na Nafisa alikuwa upande wa pili wa kitanda, akisikiliza, akisikiliza, kana kwamba masikio yanaweza kurudisha siku nyuma.

Ijumaa saa nne asubuhi, Bénie alikufa.

Mwenze yeye angetolewa mpira siku kumi na moja baadaye. Mkono wa kulia ungebaki dhaifu, asiweze tena kushika kifaa cha kuchomelea. Germaine angejifunza kumchoma sindano ya sukari kabla ya kula, naye angenuna kila anapoletewa chai isiyo na sukari, na wiki nzima angemwita Germaine kwa jina la dada yake. Lakini Ijumaa ile hakuna aliyeyajua hayo. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, na namba ya hewa ilikuwa imeacha kuanguka, basi.

Nafisa alikwenda mwenyewe kumwambia Mama Bénie. Germaine aliona kwa mbali jinsi mwanamke yule alivyomsikiliza mpaka mwisho, jinsi Nafisa alivyoendelea kusema hata baada ya yale ya lazima kwisha, mkono kifuani, na jinsi Mama Bénie alivyomgeuzia mgongo. Kilio kilikuja baadaye, na ndugu wa Hewa Bora walikuja, na mvua nayo ikaja ikaondoka.

Mchana, wakati wanaume wako ofisini wakihangaikia karatasi za kuchukua mwili, Mama Bénie alirudi kibarazani kukusanya vitu vyake. Germaine alikuwa amekaa pale pale, hajui aende wapi. Alifikiria ombi alilosema koridoni. Alifikiria pa kuanzia.

"Mama Bénie..."

"Wako anapumua?" Sauti yake ilikuwa imekauka.

Germaine hakuweza kudanganya. "Anapumua."

Mama Bénie aliitikia kwa kichwa mara moja. Alikuwa ameshika shuka kubwa ambalo binti yake aliletwa nalo, lile ambalo yeye alilifua siku ile alipocheza, naye alikuwa akijaribu kulikunja peke yake, na kila mara pembe moja ilianguka kwenye matope. Aliliokota, akajaribu tena, likaanguka tena.

"Docta aliniambia," alisema. "Aliniambia yote. Na ya weye pia, vile ulimulilia apite kwa wako."

Germaine aliinamisha kichwa. Alingoja tusi, alingoja mate, na vyote angevipokea.

"Sina nguvu ya kukasirika leo," Mama Bénie alisema. "Kesho nitakuwa nayo." Akamnyooshea pembe mbili za shuka. "Unishikie huku."

Germaine akasimama, akazishika. Wakarudi nyuma hatua moja moja mpaka shuka likanyooka kati yao.