Mtamba wa Mwenyekiti

Fomu ya mkopo ilibaki na nafasi moja tu tupu: sahihi ya mkubwa wa mwombaji. Mkubwa mwenyewe ni Dinah Nangila, meneja mkuu wa kiwanda cha unga mjini Kitale, aliyeiokoa kampuni mwaka 2004 mahindi yalipooza ghalani. Mwombaji ni Mukhwana, meneja wa tawi la Bungoma, bwana aliyefundishwa na Dinah huyo huyo kupima unyevu wa mahindi. Kabla ya hapo alikuwa akiyatafuna na kukisia.

Dinah aliusoma mshahara wa Mukhwana kwenye fomu. Akausoma tena. Ulikuwa mara mbili ya wake yeye Dinah, na ziada juu.

"Ni kusaini tu, madam," Mukhwana alisema, akitazama saa. "Benki inafunga saa tisa."

"Wacha ifunge."

Akaitia fomu kwenye droo, akapanda ghorofani kwa mwenyekiti wa bodi.

Mzee Kemboi alikuwa akichokonoa meno. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa subira ya mtu anayesikiliza mtoto akiomba kuendesha trekta.

"Mukhwana ako na mabibi wawili," alisema. "Hao wote wanakula. Na wewe si mzee yuko?"

"Mzee wangu alifutwa kazi miaka sita iliyopita. Namlisha mimi, yeye na mamake kule Chwele."

"Hiyo sasa ni mambo ya nyumba yenu."

"Basi mishahara ilingane, ama Jumatatu mpate barua yangu ya kuacha kazi."

"Bodi itakaa," alisema Kemboi.

Ikakaa, ndiyo. Wanaume saba na sinia ya samosa. Kumwita Dinah hawakuona haja. Walimwita mumewe.

Ijumaa jioni Dinah alimkuta Wakoli, mumewe, uani, amevaa koti lake la harusi, mkono mgongoni mwa mtamba wa gredi. Sikioni mwa ng'ombe bado mlining'inia nambari ya shamba la Kemboi.

"Ni wetu," alisema Wakoli. "Wazee wameniheshimu sana, mama Ivy. Tumeongea, tumeelewana. Nimewaambia utaendelea."

"Na mshahara?"

"Ati mshahara? Si ng'ombe ndio hii?"

Siku Dinah alipoolewa, babake alipokea ng'ombe kumi na watatu. Kampuni ilimpata kwa mmoja.

Barua ilikuwa tayari mkobani. Ivy alikuwa kidato cha tatu na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumanne, karo bado. Dinah aliichana barua vipande vidogo, akavitupa jikoni motoni.

Jumatatu alfajiri yeye ndiye aliyekata majani ya mtamba, maana Wakoli alisema mgongo unamsumbua. Alifika kazini umande ukingali kwenye pindo la sketi. Mukhwana alikuwa mlangoni akimngoja.

"Mtamba anaendeleaje, madam?"

Wote walijua, hadi wapakiaji wa magunia. Dinah alifungua droo, akatia sahihi, akagonga muhuri. Palipoulizwa cheo chake kwa mwombaji, akaandika kwa herufi kubwa: MKUBWA WAKE.