Stelingi wa Banda la Abdulrahim

Miaka ile ya tisini, Tunduma ilipokuwa inafurika malori, Ferista hakuwa na starehe nyingine ila banda la video la Abdulrahim. Jumapili, cherehani yake ikipumzika, alitoka kanisani akapitiliza moja kwa moja, Biblia kwapani, akakaa benchi la mbele.

Alipenda mikanda ya yule stelingi mwenye joho jeusi na kitambaa machoni, anayeruka juu ya mapaa, anawachapa askari wa gavana kwa upanga mwembamba, kisha anatoweka na farasi wake kabla vumbi halijatulia. Lakini mikanda ilikuwa ya Kizungu. Aliyeitia Kiswahili ni Lusubilo, mwanamume mrefu aliyesimama kando ya televisheni.

Lusubilo alikuwa na kigugumizi. Sokoni, kununua sabuni tu ilikuwa kazi. Wauzaji walimmalizia maneno. Ila stelingi akishavaa kitambaa chake, ulimi wa Lusubilo ulifunguka. Alinguruma, alicheka, aliwatukana maadui mpaka watu wakapiga mabenchi. Na stelingi alipopanda dirishani kwa yule bibie mwenye shela, sauti ilishuka ikawa laini: "Mimi sina nyumba, bibie. Lakini popote nitakapolaza kichwa, nitalala nimeelekea kwako."

Ferista alisisimka mwili mzima.

Jumapili moja watu walipokwisha kutoka, alibaki. "Kaka Lusubilo, yule mzungu anasema hivyo kweli?"

Lusubilo alitazama chini. "Mi-mimi Kiingereza si-sikijui, dada. Natazama mi-midomo yao tu."

"Na yale ya dirishani? Unayatoa wapi?"

Alifungua mdomo. Ferista alimngoja, hakummalizia. Koo lilipanda likashuka, mishipa ikamtoka shingoni, na kabla neno halijapatikana Abdulrahim akamwita akazime jenereta. Akaenda.

Wiki ile ile Lusubilo alidandia lori la mahindi akavuka mpaka, kutafuta maisha Zambia. Hakuaga mtu.

Abdulrahim alileta mtafsiri mwingine, mwalimu mstaafu, Kiingereza chake kimenyooka. Stelingi alipofika dirishani, mwalimu alisema, "Anamwambia kwaheri, anaondoka." Ferista aliinuka mkanda ukiwa katikati. Alitembea juani mpaka karibu na geti la mpaka, akasimama akiyaangalia malori yanayoingia kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Kila mlango uliofunguka, moyo ulimdunda.

Miezi ikapita. Siku moja Yassir, dereva wa lori, alileta suruali ipunguzwe. Katika mazungumzo akasema kule Ndola, Zambia, kuna Mtanzania mrefu anatafsiri mikanda kwa Kibemba, na banda linajaa mpaka watu wanakaa chini.

"Ana kigugumizi?" Ferista aliuliza. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedeli.

"Yule? Akianza mkanda anatiririka kama maji. Hasa ule wa mtu wa joho. Wanawake wanalia."

"Anasema nini?"

"Dada, Kibemba changu mimi ni cha kununulia mafuta. Nitajuaje?"

Ferista aliwaonea wivu wanawake wa Ndola, wivu uliomkaa kifuani mpaka asubuhi. Alipokuja Jenista, mteja wake wa Nakonde, kuchukua vitenge vyake, Ferista alimvutia kigoda.

"Kuanzia leo nisemeshe Kibemba," alisema. "Chote. Hata nisipoelewa."

Jenista akacheka. "Mwe! Cha kufanyia nini?"

Ferista aliinama juu ya kitambaa, akakilainisha kwa kiganja.

"Wewe anza tu," alisema.