Chujio la Barua za Zahanati

"Haijafika tena?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye benchi la mapokezi.

"Bado, mama."

"Basi ni mbaya. Habari njema haina miguu mizito hivi."

Mkwewe, fundi wa kompyuta za zahanati, aliinamia kioo chake. Maabara ilikuwa imemwambia kwa simu kwamba majibu ya uvimbe wa mama mkwe yametumwa, tena zaidi ya mara moja. Kwa daktari hayakuonekana. Seva, kompyuta inayopokea barua pepe za zahanati, aliisimika mwenyewe na kuitunza mwenyewe; ikikosea, hana wa kumtupia lawama.

Akafungua kumbukumbu za seva. Barua za maabara zilibisha hodi kweli, na chujio la barua taka likazifukuza mlangoni. Kwa nini? Maabara haikuwa miongoni mwa waliozuiwa. Anwani yao ilikuwa halali. Hata hivyo chujio liliwapa alama mbaya kuliko muuza dawa ya kuotesha nywele. Akalilegeza kidogo. Lo! Zikamiminika bahati nasibu, mikopo ya dakika moja, wachumba wasiojulikana. Akalikaza upesi. Mtambo aliouzoea kama sufuria zake leo ulimtazama kama mgeni.

"Wewe," alimwita karani wa mapokezi, "barua za maabara zikifika huwa unazifanyaje?"

"Namchapishia daktari, kisha natupa."

"Unatupa wapi?"

"Kwenye folda ya taka. Ningetupa wapi, sebuleni kwako?"

Fundi alishika kiuno. "Ile folda si jaa, dada! Chujio linasoma humo kila siku lijifunze taka inafananaje."

"Kumbe linakula takataka? Lina njaa gani hilo?" Karani alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake. "Sasa nani aliniambia? Umeandika 'Taka', nami nikaweka taka."

Ni kweli, fundi hakumwambia mtu. Lakini nani angedhani? Au yeye ndiye alipaswa kudhani? Hakujua amkasirikie nani, akaona heri afanye kazi. Akazihamisha barua zote za maabara kutoka kwenye taka, akalifundisha chujio upya, moja baada ya nyingine, mpaka alama zikashuka. Akapiga simu. "Tumeni tena, tafadhali."

Barua ikaingia. Jina la mama mkwe lilikolea wino kwenye kioo. Mwenye seva anaweza kufungua chochote. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akakiondoa, akaiacha barua ipite kwenda kwa daktari.

"Imefika, mama."

Baada ya kitambo mlango wa daktari ukafunguka. "Karibu ndani, mama."

Mama mkwe, aliyekuwa akiyadai majibu tangu asubuhi, hakuinuka. Alivua kiatu kimoja, akakipindua, akakung'uta kokoto ambalo halikuwemo, kisha akaanza kukivaa, polepole, kama mtu anayejifunza kuvaa viatu.