Mgonjwa Aliyekataa Kabla ya Saa Tano

Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, huwa naosha kidonda cha bibi. Yeye huketi ukingoni mwa kitanda, mguu juu ya kigoda chenye kitambaa safi, nami hukaa sakafuni na bakuli la maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Siku hiyo nilikuwa nimeshafungua bandeji ya jana, simu ikalia.

Waliopiga walikuwa watu wa hospitali. Usaili wangu wa kwanza wa kazi ya unesi, uliokuwa ufanyike wiki iliyofuata, ulikuwa umeletwa mapema.

"Ni leo," nikasema. "Saa tano."

"Saa tano hii hii?" Mama alikuwa mlangoni. "Lete blauzi niipige pasi."

Mjomba, aliyesukuma vitanda vya wagonjwa miaka ishirini kabla ya kustaafu, alivuta kiti, akavaa miwani ya bibi na kukohoa kama mkurugenzi.

"Haya binti, jieleze."

Nikajieleza, macho kwenye bakuli. Tangu chuoni, nikiulizwa kitu mbele ya watu, sauti yangu hukimbilia tumboni.

"Sema tukusikie! Hatuko msibani."

"Mimi ni mchapakazi, ninajituma, ninashirikiana vizuri na wenzangu..."

"Hayo kila mtu anayasema, hata aliyefukuzwa jana. Mgonjwa akikataa huduma, utafanyaje?"

Hilo nilikuwa nimelikariri. "Nitamweleza umuhimu wa matibabu, nitaheshimu haki yake, nitaandika kwenye faili, nitamjulisha daktari wa zamu."

"Kasuku," mjomba akasema. "Sifuri."

Mama akacheka huku akinyunyizia blauzi maji. Nikavaa glavu, nikaunyoshea mkono mguu wa bibi. Akauvuta.

"Sitaki."

"Bibi, usinitanie. Muda wenyewe hautoshi."

"Nimesema sitaki. Leo usiniguse."

Mjomba akajipiga paja. "Huyo sasa ndiye mgonjwa! Mama yangu ana akili huyu. Haya nesi, tuone."

Nikacheka, nikaingia mchezoni. "Bibi, kidonda kisiposafishwa kitaingia vijidudu."

"Viingie. Mguu ni wako?"

Alikuwa anatazama ukutani. Bibi yangu huniita mke mwenza, na kila asubuhi hunisengenya kwa marehemu babu nikiwa hapo hapo nasikia. Leo hakuwa na utani hata mmoja. Hapo nikajua kwamba mchezo tulikuwa tunaucheza mimi na mjomba tu.

"Naweka shashi juu yake, kisikae wazi," nikamwambia. "Sitakisafisha mpaka uniruhusu."

Akaniachia nifunike. Nikavua glavu, nikaketi kando yake kitandani. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu.

"Dakika zinakwenda," mjomba akaanza, "na wasaili hawapendi..."

"Mjomba, naomba unyamaze kidogo."

Sikuwahi kumwambia hivyo maishani mwangu. Akavua miwani taratibu. Hata mimi nilishangaa sauti ilikotoka.

"Bibi, kuna nini?"

"Hakuna."

Nikangoja. Pasi ya mama ilikuwa inafuka mvuke. Bibi alikunja ncha ya shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wagonjwa wa huko ni wengi," akasema.

"Ni wengi, bibi."

"Na wao wana miguu."

"Wanayo." Nilibana midomo nisicheke. Nikangoja tena.

"Mama yako anafunga bandeji kama anafunga kuni."

Mama akamtazama bibi, akarudi kwenye blauzi.

"Nitamfundisha mpaka aweze," nikasema. "Na zamu si za asubuhi kila siku. Lakini bado hujaniambia kuna nini."

Bibi akairudia ncha ya shuka, akaikunja na kuikunjua. Sikuitazama saa. Ningeikosa kazi, ningeikosa, lakini nisingeondoka pale na mguu ule haujafungwa na yeye hajasema.

Mwishowe akaurudisha mguu kwenye kigoda, mwenyewe, akanishika kiganja.

"Kazi nataka uipate, mjukuu wangu. Nimekuombea tangu siku uliyoingia chuo. Ila naogopa. Wewe ndiye mtu pekee anayekaa na mimi asubuhi, na naogopa kuachwa."